Maswali na majibu: Simba anajuaje kuwa wale ni wengi?

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia jambo moja, wanyama na idadi. Chanzo nadhani ni ile makala yangu ya nyuki, iliyoniletea pongezi kidogo na karipio moja zito. Karipio nimeliweka mwisho, si kwa kulikwepa, ila ndilo lenye majibu marefu.

Nafuga kuku wa kienyeji. Nikichukua mayai na kumwachia moja, mtetea anaendelea kutaga palepale. Nikichukua yote, anahama kiota. Anahesabu? (Msomaji, Singida)

Kwa hilo, hapana. Yai moja linamwambia kuwa mahali pake bado pako salama, kiota kitupu kinamwambia mwizi amepita. Kujua kuna kitu au hakuna hakuhitaji hesabu. Hata kuacha kutaga na kuanza kuatamia kunategemea sana mguso: mayai yakijaa chini ya tumbo, ngozi inayahisi na mwili unabadilika. Ukimpunguzia kila siku, ule ujumbe haufiki, naye anaendelea kukutagia. Bibi yangu alikuwa akilichora kwa mkaa lile yai la kuachia, maana siku moja alilikaanga likiwa viza na nyumba nzima ikahamia uani.

Lakini wako ndege wanaokwenda mbali zaidi. Huko Kanada, Bruce Lyon alichunguza kukuziwa wa Amerika, ndege ambao majike yao yana tabia ya kwenda kutaga kwenye viota vya wenzao. Matokeo aliyatoa mwaka 2003. Jike asiyeyatambua mayai ya mgeni huona kiota kinajaa, akaacha kutaga mapema. Anayeyatambua huyasukuma pembeni au kuyafukia, kisha anaendelea kutaga mpaka mayai yake mwenyewe yatimie. Yaani ya mgeni hayaingizi kwenye hesabu, ingawa yapo mbele ya macho yake na anayakalia.

Na usiwadharau vifaranga wako. Watafiti wa Italia (2009) waliwalea vifaranga wa siku chache pamoja na vidude vitano vya plastiki, mpaka wakaviona kama ndugu zao. Kisha mbele ya kifaranga vidude vikafichwa nyuma ya vizuizi viwili, vinne huku na kimoja kule. Halafu vikahamishwa kimoja kimoja, kifaranga akitazama kutoka kwenye kijumba chenye ukuta unaopitisha mwanga. Alipofunguliwa, mara nyingi alikimbilia kwenye vingi, japo mwanzoni vingi vilikuwa upande mwingine.

Muongoza watalii mmoja alituambia simba huwahesabu maadui kwa masikio. Ni kweli, au ni maneno ya kuwafurahisha wageni? (Msomaji, Arusha)

Ni kweli, na jambo lenyewe lilifanyika hukohuko kwenu, Serengeti. Karen McComb, Craig Packer na Anne Pusey walificha spika karibu na majike ya simba, wakawapigia ngurumo zilizorekodiwa za majike wageni. Mara nyingine aliyenguruma alikuwa mmoja, mara nyingine watatu kwa pamoja. Utafiti ulichapishwa mwaka 1994.

Hebu fikiria uko pale. Majike wamejilaza, mikia inafukuza nzi. Sauti ngeni inatoka vichakani, vichwa vinainuka vyote. Kama ni sauti moja, na wao ni kundi zima, wananyanyuka na kuifuata kwa hatua za taratibu, tayari kwa ugomvi. Kama ni sauti tatu na wao ni wachache, wanasita, au hawaendi kabisa, na wengine hunguruma kuwaita wenzao walioko mbali. Tazama vizuri kinachotakiwa hapo: ajue sauti anazosikia ni za wangapi bila kuwaona, ajue upande wake wako wangapi, kisha alinganishe. Wengi wape, na simba anajua hivyo, kwa sababu ugomvi wa simba ni wa kuuana, na aliyeshindwa anapoteza ardhi, maji na mahali pa kulelea watoto.

Mwaka uliofuata Packer na Robert Heinsohn wakatoa jambo lililonichekesha. Katika kundi lilelile, wapo majike ambao kila mara hutangulia na wapo ambao kila mara hubaki nyuma. Watangulizi hugeuka kuwaangalia wavivu wao, wanawajua kabisa, na bado wanasonga mbele. Kila ofisi ina watu wa aina hiyo.

Sokwe wa Kibale, Uganda, nao wana hesabu yao ya ugomvi. Wakisikia mlio wa dume mgeni mmoja, kundi lenye madume watatu au zaidi hujibu kwa makelele na kumwendea. Wakiwa pungufu ya hapo, kimya.

Ni kweli kuna sisimizi anayehesabu hatua? (Msomaji, Mombasa)

Yupo sisimizi wa jangwa la Tunisia ambaye hutoka kutafuta chakula na kurudi shimoni kwa njia iliyonyooka, mahali pasipo mti wala jiwe la kumwelekeza. Wajerumani na Waswisi wawili watatu waliojiuliza anajuaje umbali walifanya jambo ambalo ningetamani kuliona kwa macho. Walisubiri sisimizi afike kwenye chakula, mita 10 kutoka shimoni, kisha wengine wakawagundishia miguuni vipande vya unywele wa nguruwe ili miguu irefuke, na wengine wakawakata miguu ikawa vigutu. Wakati wa kurudi, wenye miguu mirefu walipita nyumbani wakaenda kuanza kutafuta shimo kwenye mita 15 hivi. Wenye vigutu walianza kulitafuta kabla ya kufika mita 6. Idadi ya hatua ilikuwa ileile, urefu wa hatua ndio uliobadilika. Hiyo ni 2006. Je, ni kuhesabu? Naona ni kama mita ya gari: inasoma umbali, haijui namba.

Nimeona video ya mbwa anabweka mara saba akiulizwa tatu kujumlisha nne. Nimkubali? (Msomaji, Dodoma)

Usimkubali mpaka mwenye mbwa atoke chumbani.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, Berlin kulikuwa na farasi anaitwa Hans, wa mwalimu mstaafu Wilhelm von Osten. Aliulizwa kujumlisha, akaulizwa tarehe, naye anagonga ardhi kwa kwato mpaka jibu. Kamati ya mwaka 1904 haikuona udanganyifu wowote, na kweli haukuwepo. Kisha Oskar Pfungst akafanya jambo jepesi: akamleta muulizaji ambaye mwenyewe hajui jibu. Hans akagonga ovyo. Akamzuia Hans asimwone muulizaji, vilevile. Ikaonekana kwamba mtu anayejua jibu huinama kidogo kutazama kwato, na zikifika idadi sahihi huinua kichwa kwa kiasi kidogo sana, bila mwenyewe kujijua. Farasi alikuwa anamsoma mtu, siyo namba. Pfungst aliandika hayo mwaka 1907. Von Osten aliumia sana, maana hakuwa tapeli.

Kwa sababu ya Hans, watafiti makini leo huhakikisha mnyama hapati dokezo kutoka kwa mtu anayejua jibu. Mbwa wa video hana kizuizi hicho, ana bosi mwenye biskuti mfukoni.

Uliandika kwamba nyuki "anaelewa sifuri kuliko mtoto wa chekechea". Nafundisha hisabati miaka kumi na tisa. Kuhesabu ni kutaja moja baada ya nyingine na kujua kuwa ya mwisho ndiyo jumla. Nyuki hafanyi hivyo. Usitupotoshee watoto. (Mwalimu, Mbeya)

Shikamoo Mwalimu. Nilipoisoma barua yako mara ya kwanza nilikasirika, ya pili nikaenda kusoma upya nilichoandika. Neno "anaelewa" lilikuwa langu, na "kuliko mtoto wa chekechea" ilikuwa chumvi tupu.

Kilichofanyika ni hiki. Mwaka 2018 watafiti, wengi wao wa Australia, waliwafundisha nyuki kuchagua kadi yenye maumbo machache kati ya mbili. Aliyepatia alipewa maji ya sukari, aliyekosea alionja kwinini, ile dawa chungu ya malaria ya zamani. Walipoizoea kanuni, wakawekewa kadi yenye maumbo na kadi tupu, ambayo hawakuwahi kufundishwa. Wakaenda kwenye tupu.

Unavyosema wewe, hapo hakuna kuhesabu. Kuna kukadiria, ambako wanyama wengi wanako, na sisi tunako. Mwaga mezani maharage matatu na pembeni manne, utaona papo hapo wapi ni mengi. Mwaga 8 na 16, utajua pia kwa kutupa jicho. Sasa mwaga 23 na 24: lazima uanze kugusa moja moja, na hapo ndipo kazi yako ya miaka kumi na tisa inapoanza. Jicho hupima uwiano wa makundi. Wamunduruku wa Amazonia, Brazili, wana maneno ya namba mpaka tano hivi, lakini utafiti wa 2004 ulionyesha wanalinganisha makundi makubwa ya nukta bila shida. Wanapata taabu pale tu hesabu inapotakiwa kuwa kamili.

Naomba kubishana nawe mahali pamoja. Nyuki walipata kwa urahisi zaidi kadi tupu iliposhindanishwa na kadi ya maumbo matano kuliko iliposhindanishwa na ya umbo moja. Kama kadi tupu kwao ingekuwa kitu cha ajabu tu kisicho na nafasi, tofauti hiyo isingetokea. Inaonekana utupu wameuweka kwenye mstari mmoja na zile nyingine, jirani ya moja na mbali na tano. Hilo ndilo nililopaswa kuandika. Sentensi ya chekechea naifuta.