Mkono Unapogoma: Kwa Mchoraji Anayeanza

Wadogo zangu, iko siku utakaa mbele ya ubao uliokwisha pakwa rangi ya chini, brashi mkononi, na hakuna kitakachokuja. Mimi nilikaa hivyo karibu miezi miwili. Nilikuwa nimechora tembo na mbuyu, Kilimanjaro nyuma, mara nyingi mno. Picha ilikuwa inaisha kabla sijaitazama. Wateja walinunua. Asubuhi moja nikashika chaki nianze mkonga, nikaona kinyaa.

Kosa langu lilikuwa kungoja. Nilishinda nimelala, nikiperuzi kazi za wengine kwenye simu, na kila nilipoizima moyo ulikuwa umezidi kusinyaa.

Kilichonitoa ni soko la samaki la Feri, hapa Dar es Salaam. Nilikwenda alfajiri bila rangi, nina daftari la shule na penseli tu. Nikasimama kando ya kijana anayempiga pweza kwenye saruji ili alainike. Kila pigo, mikono minane inatawanyika, kisha inajikunja. Povu la kijivu linatoka. Nikainama. Vile vikombe vya kunyonyea vinaanza vikubwa karibu na kichwa, vinapungua kidogo kidogo mpaka ncha ya mkono. Miaka yote nilikuwa nachora pweza, na vikombe vyote naviweka saizi moja! Nilirudi pale siku nne mfululizo.

Kwa hiyo ukikwama, nenda ukakitazame kitu kimoja kilicho hai mpaka kikuoneshe ulichokuwa unakosea.

Halafu punguza. Mzee Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wetu wa uchoraji, Tingatinga, alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 akitumia vipande vya haadibodi na rangi ya mafuta ya kung'aa, ya madukani. Mara nyingi alichora mnyama mmoja tu, amejaa ubao mzima. Alifariki mwaka 1972, kwa hiyo kazi zake zote ni za miaka michache tu. Jaribu hivyo: rangi nne, mnyama mmoja, ubao wa sentimita 60 kwa 60, mlima uache.

Rangi ya mafuta haikauki upesi, basi andaa mbao tatu kwa pamoja. Moja ikikauka, nyingine unaitia nukta. Siku kichwa kikiwa kitupu kabisa, piga msasa, paka rangi ya chini, osha brashi. Hiyo nayo ni kazi, na kesho utakuta ubao unakusubiri.

Oda za tembo usizikatae, kodi ya chumba haina subira. Ila katika kila picha tano, moja iwe yako, hata isiponunuliwa.

Yule pweza nilimchora kwenye ubao mwekundu. Vikombe vya mwisho vilikuwa vidogo kuliko ncha ya brashi yangu, nikavidonoa kwa njiti ya kiberiti. Picha ilikaa ukutani mwaka mzima kabla ya kupata mtu. Daftari bado ninalo, na kurasa zake zina magamba ya samaki.