Kinyago hupita forodha, video haipiti

Swali: Shikamoo Mama Mhasibu. Mimi ni kijana wa Mikindani. Baba yangu ni mchonga vinyago. Humrekodi akichonga, kisha nauza masomo hayo ya video kwenye tovuti yangu, euro 20 kwa somo. Wanunuzi wengi wako Ujerumani, wawili wako Japani. Juzi mteja wa Hamburg ameniomba risiti inayoonyesha kodi. Kodi ya Ujerumani inanihusu nini mimi, ambaye hata pasipoti sina?

Jibu: Marahaba mwanangu. Wewe huna pasipoti, lakini video yako imeshafika Hamburg, na kodi hii, yaani VAT, kodi ya ongezeko la thamani, humfuata mlaji alipo.

Chukua kinyago chenyewe. Ukikituma kwa posta kitapita forodha, kikadiriwe thamani, na mara nyingi mpokeaji ndiye hudaiwa kodi kabla hajakabidhiwa. Video haipiti mlango wowote. Mtu anabonyeza tu, anaiona tezo ya baba yako ikiparua ule weupe wa nje wa mpingo mpaka weusi utokeze. Wenzetu wa Ulaya walipokosa mlango wa kumweka mtoza ushuru, kazi hiyo wakakupa wewe muuzaji. Tangu 2015, huduma ya kidijitali akiuziwa mtu binafsi katika Umoja wa Ulaya hutozwa VAT ya nchi anayoishi. Ujerumani ni asilimia 19, Hungaria 27. Na muuzaji wa nje ya Umoja huo hana kiwango cha kuanzia. Euro ya kwanza tu ina kodi.

Hapo ndipo nilipoungua. Nilipostaafu hapa Lindi niliuza jedwali la hesabu za vikoba kwa Watanzania walioko Ujerumani, euro 20 vilevile. Kuja kupiga hesabu, katika kila 20 nikakuta 3.19 si zangu. Ningemrudia nani kumwomba nyongeza? Nikalipa mwenyewe, kimya kimya. Basi leo hii andika kwenye tovuti kama bei yako ina kodi ndani au haina. Kama haina, Mjerumani atalipa 23.80.

Nchi 27 za Umoja huo zisikutishe. Kuna mfumo uitwao OSS: unachagua nchi moja, unajisajili kwa mtandao, unatuma ritani moja kila miezi mitatu, kuigawa kodi kwa nchi nyingine wanafanya wao. Kinachochosha ni ushahidi. Kila mauzo yawe na vielelezo viwili vinavyokubaliana, mathalani anwani ya malipo na nchi ya benki iliyotoa kadi, navyo vitunzwe miaka 10. Miaka kumi! Usiviweke kwenye simu unayopanda nayo mtumbwini.

Mnunuzi akiwa kampuni, mwombe namba yake ya VAT. Kodi atajihesabia mwenyewe. Ungeuza programu kupitia Google Play, duka lingemkata mteja kodi. PayPal si duka, ni mfereji wa hela tu.

Kuhusu Japani, lala usingizi. Kodi yao ya matumizi ni asilimia 10, na tangu Oktoba 2015 inagusa huduma za mtandao zitokazo nje, lakini kwa kawaida mtu binafsi ambaye mauzo yake huko hayazidi yen milioni 10 hadaiwi.

Nyumbani nako, VAT inakulazimu mauzo yakifika shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kodi ya mapato ni habari nyingine: hela ya Hamburg ni mapato kama ya korosho, kwa hiyo TIN, namba ya mlipakodi, uwe nayo.

Huyo mteja mpe risiti ya kawaida. Usiandike mstari wa VAT kabla hujapata namba ya usajili huo wa OSS, maana utakuwa umemtoza kodi ambayo huna pa kuipeleka. Na mauzo yaliyotangulia usajili hayaingii OSS; hayo utayamaliza na Ujerumani yenyewe. Anza kuyaorodhesha usiku huu, tarehe kwa tarehe.