Maswali ya Wasomaji: Gemu moja, mashine za vizazi viwili

SWALI: Wataalamu, hamjambo. Tuko watu wanne, tunatengeneza gemu ya pikipiki ndani ya mji ulio wazi, mchezaji aende atakako. Kwenye kompyuta inakwenda vizuri. Tunataka itoke kwa konsoli (mashine za gemu) za sasa, PS5 ya Sony na Xbox Series ya Microsoft, lakini wawili wetu wanang'ang'ania PS4 ya kizazi kilichopita nayo iwemo kwa kuwa ndiyo iliyojaa majumbani. Tuamue vipi?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Msianze na idadi ya wenye PS4. Anzeni na kile ambacho gemu yenu haiwezi kukipunguza. Picha inapungua bila shida: mtashusha ukali wake kutoka 4K hadi 1080p, mtafupisha vivuli, mtapunguza nyasi, na gemu itabaki ileile. Kazi ya prosesa, yaani ubongo wa mashine, na mwendo wa kusoma data ndivyo visivyokubali kupunguzwa. Magari 60 barabarani, kila moja likijiamulia lipite wapi, ni mzigo wa prosesa. Mkiyafanya 15 mmeshatengeneza gemu nyingine.

Diski ndiyo itakayowasumbua zaidi. PS4 ilitoka 2013 ikiwa na diski ya kuzunguka, na kwa data iliyotawanyika huku na huku ni busara kuihesabia MB 50 kwa sekunde. SSD ya PS5, hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka, inasoma GB 5.5 kwa sekunde. Tuseme mtaa mmoja wa mji wenu una MB 500. PS4 itausoma kwa sekunde 10, na pikipiki inayokwenda kilomita 100 kwa saa itakuwa imepita mita 278. PS5 itaumaliza kabla pikipiki haijasogea mita 3. Maana yake, kwenye PS4 mtaa unaofuata lazima uanze kusomwa mchezaji akiwa bado nyuma karibu mita 300, na mkisie atakunja kona ipi. Mkikosea, atafika kwenye barabara isiyo na nyumba, au atapenya ukuta ambao haujafika bado.

Dawa ya zamani ni kurudia data: nguzo ya taa inayoonekana kila mtaa inanakiliwa ndani ya kila mtaa, ili sindano ya diski isihangaike kuitafuta. Mark Cerny, msanifu wa PS5, alieleza mwaka 2020 kwamba kwenye gemu ya Spider-Man vitu vingine vilirudiwa mara 400 hivi. Inafanya kazi, ila faili linavimba. Gemu ya Helldivers 2, toleo la kompyuta, ilifika GB 154 hivi kwa sababu hiyohiyo, na ilipoondolewa marudio mwishoni mwa 2025 ikabaki kama GB 23. Kwa mchezaji anayepakua kwa bando, hilo si jambo dogo.

Kipimo chenyewe ni cha siku moja. Chukueni tukio baya kuliko yote mliyonayo: makutano ya jioni, magari yote, pikipiki iendayo kasi zaidi. Endesheni kwenye PS4 ya kawaida, si PS4 Pro iliyo na nguvu zaidi. (PS4 ya dukani haitakubali gemu ambayo haijaidhinishwa, mtahitaji mashine maalumu ya watengeneza gemu kutoka Sony, na hiyo hupatikana baada ya kusajiliwa. Kwa kusubiri, kompyuta dhaifu yenye diski ya kuzunguka itawapa fununu.) Shusheni picha hadi 540p, kisha pimeni muda wa kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini. Kwa fremu 30 kwa sekunde mna milisekunde 33.3. Muda ukishuka chini ya 30 na kutulia hapo, tatizo lenu ni picha tu, nanyi mna miezi michache ya kazi inayoeleweka. Ukiganda kwenye 45 hata kwa picha hiyo ya ukungu, prosesa imeelemewa. Hapo PS4 iacheni, na muiache leo, kabla haijatajwa kwenye tangazo lolote.

Tunasisitiza tangazo kwa sababu gemu ya Cyberpunk 2077 iliumia hapo. Ilitoka tarehe 10 Desemba 2020, ikiwemo kwa PS4 na Xbox One ambazo hazikuiweza, na wiki moja baadaye Sony ikaiondoa dukani mwake. Ilirudi Juni 2021. Nyongeza yake ya 2023, Phantom Liberty, haikuletwa kabisa kwa mashine za kizazi kilichopita.

Na msidhani kuiacha PS4 kunamaliza kazi. Xbox Series huja kwa namna mbili: Series S, iliyo dhaifu, ina memori ya GB 10 dhidi ya 16 za Series X, na Microsoft inataka gemu iende kwenye zote mbili. Gemu ya Baldur's Gate 3 ilifika PS5 Septemba 2023, lakini Xbox ikasubiri hadi Desemba, kwa sababu kuigawa skrini kwa wachezaji wawili kwenye Series S kulishindikana. Mwishowe ilitoka bila uwezo huo kwenye mashine hiyo.

SWALI: Tuna gemu itakayokuwa tayari karibu na siku ambayo konsoli mpya itaingia sokoni. Tuitoe siku hiyohiyo au tungoje mashine zienee? Na aliyenunua toleo la mashine ya zamani, tumtoze akihamia jipya?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Fanyeni hesabu ya kidole. Kufikia mwisho wa 2020 Sony ilikuwa imesafirisha PS5 milioni 4.5, wakati PS4 zilizowahi kuuzwa zilishapita milioni 110. Mkimpata mmoja katika kila wenye PS5 mia, ni wanunuzi 45,000. Kwa PS4 mmoja katika mia ni zaidi ya milioni moja. Ila mwenye mashine mpya ana njaa, na rafu ya gemu zake bado tupu, kwa hiyo kumpata ni rahisi zaidi. Nintendo ilishika pande zote mbili: ilitoa gemu ya Breath of the Wild kwa konsoli yake ya zamani, Wii U, na mpya, Switch, siku moja, 3 Machi 2017. Gemu ndogo iliyo tayari iwahi siku ya kwanza. Kubwa yenye deni la kulipa ishike mashine zote mbili, ikiwa imefaulu kipimo tulichomweleza msomaji wa Nairobi.

Siku ya kwanza ina masharti yake, kwa kuwa konsoli haitawangojea. Pangeni kwa kurudi nyuma: wiki 8 kabla, gemu iende kwenye ukaguzi wa mwenye konsoli, kukiwa na nafasi ya kukataliwa mara moja na kurudishwa. Mengi yanayokataliwa ni ya kijinga: pedi imezimika na gemu haikusimama, mchezaji amebadilisha akaunti na faili lake la kuhifadhia likapotea, alama ya kitufe si ya konsoli ile. Mkiwa na diski za dukani, ongezeni muda wa kiwanda na usafiri. Msipoweza, ahirisheni bila aibu. Xbox Series X ilianza kuuzwa Novemba 2020 bila gemu yake kubwa, Halo Infinite, iliyokuja Desemba 2021, na hakuna anayeikumbuka kwa kuchelewa kwake.

Kuhusu kutoza, semeni kabla ya kupokea shilingi ya kwanza. Sony ilipofungua oda za gemu yake ya Horizon Forbidden West Septemba 2021, wanunuzi wa toleo la kawaida la PS4 waligundua hawana njia ya kuhamia PS5. Kelele zilipigwa, na ndani ya siku chache kuhamia kukawa bure, huku kuhamia kwa gemu za Sony zilizofuata kukiwekewa dola 10. Sisi tungeifanya bure. Na kila faili la kuhifadhia liandikeni namba ya toleo tangu siku ya kwanza, ili mashine mpya ijue inasoma nini.

SWALI: Nina banda la gemu, PS4 nne, wateja wangu ni wa mpira tu. Nianze kubadilisha?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Bado, ndugu yetu. Gemu za mpira ndizo huchelewa kuliko zote kuaga mashine ya zamani. PS2 ya mwaka 2000 ilipata hadi FIFA 14, PS3 ikapata hadi FIFA 19, na FC 26 ya 2025 (FC ni jina jipya la FIFA) imetoka kwa PS4 pia. Ila miaka ya mwisho huwa ni ya jina tu: FIFA 19 ya PS3 ilikuwa na vikosi vipya juu ya uchezaji uleule wa zamani. Wateja wakianza kulalamika kwamba ya mwaka huu ni ya mwaka jana, huo ndio wakati.

Ukinunua PS5 moja ya majaribio, chukua yenye kisoma diski, maana diski zako za PS4 zitaingia humo. Pedi zako za PS4 nazo zitakubali, lakini kwa gemu za PS4 pekee. Ukiweka FC ya PS5, utahitaji pedi mbili za PS5; moja huja na mashine, kwa hiyo ya pili iingize kwenye bei tangu mwanzo.