Taarifa ikikufikia, toka nje yake kwanza

Katika grupu letu la ukoo wamo wajomba waliostaafu, mashangazi wa Lindi na Dar es Salaam, na wadogo zangu walio vyuoni. Likitokea jambo kubwa nchini, naletewa swali lile lile: "Hebu tuangalizie, hii ni kweli?" Kazi hiyo nimeifanya kwa miaka kadhaa sasa, na kuna jambo moja ninalolishikilia kuliko mengine yote. Ukitaka kujua kama taarifa ni ya kweli, usiikodolee macho. Iache ilipo, nenda kaulize kwingine anayesema ni nani na wengine wanasemaje.

Wengi tumezoea kinyume chake. Tunatazama kama nembo imekaa sawa, kama kuna muhuri, kama lugha ni ya kiofisi. Siku hizi kijana mwenye simu ya kawaida anaweza kutengeneza barua yenye nembo ya taifa, muhuri wa bluu na saini, akamaliza akiwa kwenye daladala. Uzuri wa barua hautuambii imetoka wapi.

Wapo waliolipima jambo hili kwa uangalifu. Mwaka 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utafiti uliowahusisha wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Waliwaonyesha tovuti mbili za vyama vya madaktari wa watoto: kimoja kikubwa cha tangu mwaka 1930, kingine kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002. Wanafunzi wengi walikiamini kile kidogo, kwa sababu ukurasa wake ulikuwa nadhifu na umepangwa vizuri. Hata baadhi ya wanahistoria, watu wanaoishi kwa kuchambua nyaraka, walibaki njia panda. Wahakiki walifanya tofauti: waliutazama ukurasa kidogo tu, wakafungua kurasa nyingine pembeni na kutafuta habari za chama chenyewe. Ukweli wakaupata upesi. Hawakuwa na akili kuliko wenzao. Walitafuta jibu mahali lilipo.

Niliona thamani ya njia hiyo mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinaelekea pwani yetu. Mjomba mmoja alituma picha ya mji uliozama, maji ya kahawia yamefika kwenye mapaa, na maelezo kwamba hiyo ni Mafia asubuhi ile. Tuna ndugu Mafia. Watu walianza kupiga simu wakilia. Nilichofanya ni kuipitisha picha ile kwenye Google Lens, ambayo hutafuta mahali pengine picha ilipowahi kutumika. Ikajitokeza kwenye habari za mwaka 2019: ilikuwa ya Msumbiji, baada ya Kimbunga Idai kuupiga mji wa Beira. Kisha nikafungua ukurasa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, meteo.go.tz, nikasoma taarifa yao ya mwisho na, muhimu zaidi, saa iliyotolewa. Wakati wa kimbunga, taarifa ya jana inaweza kuwa ilikuwa sahihi jana na ikapotosha leo. Hidaya yenyewe ilipoteza nguvu baada ya kuingia nchi kavu Mafia Mei 4.

Lakini sikiliza kilichofuata, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Zilipokuja picha za barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikiwa imekatika Somanga, grupu zima lilisema ni uongo mwingine. Shangazi alikuwa ameshakata tiketi ya basi. Nikarudia njia ile ile. Vyombo vya habari tofauti vilikuwa na picha zao wenyewe, zilizopigwa pande tofauti za mto, na Wizara ya Ujenzi na TANROADS walikuwa wanazungumzia matengenezo. Ilikuwa kweli. Shangazi akaahirisha safari. Kutoamini chochote ni hatari kama kuamini kila kitu, na kwa maoni yangu ndilo lengo la baadhi ya wanaosambaza uongo: tuchoke, hata onyo la kweli tulipuuze.

Ujumbe wa sauti ndio unaonisumbua zaidi. Hauna tarehe, hauna jina, na sauti ya mwanamke anayehema kwa hofu inaingia moyoni kabla akili haijauliza. "Mimi nafanya kazi hospitali, nimeona kwa macho yangu." Hospitali ipi? Siku gani? Mwulize aliyekutumia ameipata kwa nani, naye amwulize wake. Kwa kawaida ndani ya watu wawili watatu uzi unakatika. Ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, WhatsApp inakuambia kwamba umepita mikono mitano au zaidi. Tangu mwaka 2020 ujumbe wa namna hiyo hausambazwi ila kwa mazungumzo mamoja kwa wakati mmoja, na sababu ni uvumi huu huu.

Kwa matangazo ya ajira, tazama mwisho wa anwani, sehemu iliyo kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://. Taasisi za serikali ya Tanzania huishia .go.tz, za Kenya .go.ke. Anwani inayoanza na ajira.go.tz kisha ikaendelea na maneno mengine hadi .com si ya serikali. Na ukiombwa hela ya kujiandikisha, ishia hapo. Namba ya tapeli itume kwenda 15040, TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, wanaipokea.

Lililobaki ni gumu kuliko yote: kumwambia mkubwa wako. Usimsahihishe mjomba mbele ya wapwa zake. Atatetea heshima yake, na uongo utatetewa pamoja nayo. Mimi humfuata pembeni. "Mjomba, shikamoo. Ile picha uliyotuwekea nimeifuatilia, nimekuta ni ya Beira, mwaka 2019. Nimekuwekea hapa ilipotoka, itazame." Usichelewe, kwa sababu WhatsApp inamruhusu kuufuta ujumbe kwa wote kwa siku mbili na kitu tu tangu alipoutuma. Na akikubali, mwombe aandike yeye mwenyewe kwenye grupu kwamba picha ile ilikuwa ya kwingine. Nikiandika mimi, watasoma vijana. Akiandika mjomba, mashangazi walioipeleka kwenye makundi ya vikoba, ya kanisani na ya msikitini wanayachukua maneno yake na kuyapeleka huko huko.