Uliza Nikujibu: Bibi ninayemtunza amesema atafunga

"Shikamoo Mama. Mimi ni msichana wa Korogwe, mwaka wa pili sasa niko London, Golders Green, namtunza bibi wa Kiyahudi wa miaka 84. Mwaka jana sikukuu zao za Septemba na Oktoba zilinikuta nina wiki moja tu kazini, sikuelewa kitu. Mwaka huu Bibi anataka nimpeleke sinagogi. Mwanawe naye anajenga kibanda uani na amesema nitakaa mezani pamoja nao. Mimi ni Mkristo. Nivae nini, nibebe nini? Na kubwa kuliko yote, Bibi ana kisukari, anachoma insulini, lakini ameshikilia kwamba Yom Kippur atafunga kama alivyofunga tangu usichana wake. Nimwache?"
Msomaji, London

Marahaba mwanangu. Naanza na la mwisho, maana hilo halisubiri.

Yom Kippur, ambayo Biblia yako inaiita Siku ya Upatanisho, si funga ya alfajiri hadi magharibi. Mwaka huu wa 2026 inaingia Jumapili jioni, tarehe 20 Septemba, kabla jua halijazama, na kutoka Jumatatu usiku nyota zikishaonekana. Ni saa 25 hivi bila tonge wala funda la maji, na hakuna daku ya kuamkia. Mtu anayechoma insulini akikaa hivyo, sukari inaweza kumshuka usingizini na wewe usijue.

Sasa shika hili: dini yake mwenyewe haimruhusu. Katika sheria ya Kiyahudi kuokoa uhai kunatangulia karibu amri zote, na saumu hii imo. Mgonjwa ambaye daktari amesema kufunga kutamhatarisha, wajibu wake siku hiyo ni kula. Upo hata utaratibu wa wagonjwa wa namna hiyo, wa kula na kunywa vipimo vidogo vidogo na kupumzika kati ya kimoja na kingine. Lakini usimweleze wewe. Mimi nilijaribu. Niliishi kaskazini mwa London miaka 11 nikiwatunza mke na mume wazee, na mwaka wa kwanza nilimwambia Bibi wangu, kwa nia njema kabisa, kwamba Mungu ataelewa. Hakunisemesha siku mbili. Mimi Mwislamu wa Pangani nilikuwa namfundisha yeye Yom Kippur yake! Mwite mwanawe leo, siyo wiki ile. Azungumze na daktari, kisha na rabi, kiongozi wao wa dini, na rabi ndiye amwambie Bibi. Rabi wa Bibi wangu alikuja mwenyewe, akaketi jikoni, akamweleza taratibu kwamba Aliyemwamuru kufunga ndiye huyohuyo anayemwamuru kunywa. Bibi alilia. Kisha akaniuliza kama tuna kikombe kidogo.

Kilikuwa kile cha plastiki cha kupimia dawa ya kikohozi. Nilitandika kitambaa cheupe mezani, nikaweka saa ya ukutani mbele yetu, nikawa nammiminia kwa vipindi alivyoandikiwa. Kila mara alikishika kwa mikono miwili, kama sisi tunavyoshika maji ya zamzam, akanong'ona maneno yake ndipo anywe. Nimeona watu wengi wakifunga maishani mwangu. Sijaona saumu iliyonigusa kama kule kunywa kwake.

Kabla ya siku hiyo utaona simu zinalia sana. Kwao, kosa ulilomfanyia Mungu waweza kulitubia kwa Mungu, lakini ulilomfanyia mwenzako halifutiki mpaka umwendee umtake radhi. Basi siku hizo wanatafutana. Bibi wako akikuambia nisamehe kama nimekukosea, usicheke ukasema hakuna kitu. Msamehe kwa maneno, kisha nawe mtake radhi.

Kuhusu sinagogi. Familia itangulize jina lako mapema, kwa sababu siku hizi kuu viti hupangwa na mlangoni kuna ulinzi. Usichukie ukiulizwa wewe ni nani na begi lako likafunguliwa. Mwaka jana, siku ya Yom Kippur yenyewe, tarehe 2 Oktoba 2025, sinagogi moja la Manchester lilishambuliwa, waumini wawili wakafa. Wanaosimama mlangoni mara nyingi ni watu wa jumuiya wenyewe, wanaacha sala zao ili wengine wasali. Wasalimie.

Vaa sketi inayopita magoti na mikono iliyofunikwa. Kama ni sinagogi la kufuata kanuni za zamani, wewe na Bibi mtakaa upande wa wanawake, aghalabu ghorofani, na mwanamume asipokupa mkono usidhani ni kiburi. Simu iache nyumbani. Usipige picha, usiandike chochote. Yom Kippur utashangaa kuona wazee wa suti nzuri wamevaa raba za kitambaa na kandambili, maana viatu vya ngozi siku hiyo havivaliwi, na wengi wako katika nguo nyeupe.

Rosh Hashana, mwaka mpya wao, inaanza Ijumaa jioni tarehe 11 Septemba. Kuna tufaha linalochovywa kwenye asali na watu husalimiana "shana tova", mwaka mwema. Lakini kiini chake ni pembe ya kondoo dume. Sisi watu wa pwani tunaifahamu sauti hiyo bila kufundishwa: mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hupigwa mara 100, nyingine ndefu, nyingine za kukatika kama mtu mwenye kwikwi za kilio. Mwaka huu siku ya kwanza ni Jumamosi, sabato, kwa hiyo pembe haitapigwa mpaka Jumapili tarehe 13. Bibi akiwa na nguvu za siku moja tu, mpeleke Jumapili.

Chakula usipike. Najua utataka kubeba mandazi, mimi nilibeba sinia zima la vitumbua hadi ukumbi wa sinagogi nikarudi nalo, na niliumia. Si kwamba walinidharau. Jiko lao lina kanuni zake, nyama haikutani na maziwa hata sufurianini, na hawawezi kula kilichotoka kwenye sufuria wasiyoijua. Peleka maua, yafike kabla sikukuu haijaingia. Na nyumbani, tafadhali, usizime taa ovyo siku za sabato na sikukuu. Nilizima ya chooni kwa mazoea ya kubana umeme, na wazee wawili hawakuweza kuiwasha wala hawakutaka kuniamsha.

Sasa kibanda. Hapa nitakuchelewesha kidogo, maana ndiyo sikukuu niliyoipenda.

Yom Kippur ikishatoka, watu wamekunywa chai na keki ya asali, utasikia nyundo uani usiku uleule. Ni desturi kuanza kibanda papo hapo, hata kwa msumari mmoja. Sikukuu ya Vibanda, kwao Sukkot, inaingia jioni ya tarehe 25 Septemba. Kuta ziwe za mbao au turubai, haidhuru. Paa ndilo lenye masharti: liwe la matawi au mimea iliyokatwa, kivuli kizidi jua, na usiku uweze kuona nyota. Sisi tunaezeka makuti ili tone lisipite, wao wanaezeka ili mbingu ionekane, wakumbuke miaka 40 ya jangwani ambako hakuna aliyekuwa na dari. Mvua ya London nayo haina adabu. Ikinyesha kwelikweli wanaruhusiwa kuingia ndani, na kipimo kimeandikwa tangu zamani: uji ukiwa karibu kuharibika kwa maji ya mvua. Beba koti zito na shali ya Bibi, na umkalishe mbali na mlango.

Utaona pia wameshika kuti changa la mtende lisilofunguka bado, limefungwa pamoja na matawi ya mhadasi na mwerebi, na mkono wa pili wana tunda kama limau kubwa lenye ganda nene la makunyanzi, wanaliita etrogi. Usiliguse kabla hujaambiwa. Mwaka wangu wa tatu nilikuwa napangusa vumbi sebuleni, nikafungua kisanduku, harufu ikanipanda puani tamu kuliko ya ndimu. Nikalitoa kwenye nyuzi lilizolalia. Kileleni lilikuwa na kikonyo kidogo cha kahawia, mfano wa karafuu. Kidole changu kilikigusa tu kikadondoka mezani. Sikujua kwamba kikonyo hicho kikivunjika tunda halifai tena siku ya kwanza, wala kwamba lilitoka Italia na Mzee alilichagua kwa lenzi.

Nilimpelekea kikonyo kiganjani. Alikitazama muda mrefu, akarudisha tunda kisandukuni, akasema twendeni. Kule sinagogi, mimi nikiwa juu na Bibi, nilimwona jirani yake wa kiti akimkabidhi la kwake. Bibi akanieleza: siku ya kwanza lazima tunda liwe mali yako, la kuazima halitoshi. Kwa hiyo jirani alikuwa amempa liwe lake kabisa, kwa sharti kwamba naye atampa tena. Mzee alilishika, akatikisa kuti pande zote nne na juu na chini, akalirudisha. Nyuma yake walikuwa wamesimama wengine sita au saba wasio na tunda, na lile moja likapita kwa wote, kila mmoja akilimiliki kwa dakika mbili.

Sikukuu ilipoisha nilimpa Mzee karafuu zangu za Pemba, nilizowekewa na mama kwenye sanduku la safari. Ni desturi ya baadhi yao kulichoma tunda kwa karafuu ili walinuse sabato inapotoka. Alilichoma lote lile lililovunjika, safu kwa safu. Likanyauka, likawa gumu kama kokwa, likaendelea kunukia hadi majira ya baridi yakaisha.

Simhat Tora, Jumapili tarehe 4 Oktoba, mpeleke Bibi hata kama amechoka. Wanazunguka na magombo ya Torati mara saba, wanaimba na kucheza, watoto wanabebwa mabegani na bendera zao na peremende. Kisha wanasoma mwisho wa Kumbukumbu la Torati, Musa anakufa, na bila kupumua wanafungua Mwanzo wanaanza upya. Bibi wangu hakuweza kusimama tena, lakini alikuwa akipiga makofi kwenye mkono wangu.

"Mama, asalaam aleikum. Jirani yangu hapa Muscat aliwahi kufanya kazi na Mayahudi huko Ulaya. Anasema wanahesabu mwezi kama sisi, lakini sikukuu zao hazizunguki mwaka mzima kama Ramadhani. Inawezekanaje?"
Msomaji wa Wete, aliye Omani

Waaleikum salaam. Inawezekana kwa sababu wanaongeza mwezi. Mwaka wa Hijria hupungua siku 11 hivi kwa mwaka wa jua, ndiyo maana Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka. Wao katika kila miaka 19 huongeza mwezi wa kumi na tatu mara saba, basi Sukkot inabaki wakati wa mavuno kwao. Wazee wetu wa pwani walikuwa na haja ileile wakaitatua kwa njia nyingine: Hijria kwa ibada, na hesabu ya Nairuzi, ya jua, kwa kilimo na safari za majahazi. Wao wamezifunga mbili katika kalenda moja. Siku yao nayo huanza magharibi kama yetu, na Yom Kippur huangukia siku ya kumi ya mwezi wao wa Tishri, kama Ashura inavyoangukia siku ya kumi ya Muharram. Mwaka wanaouingia Septemba hii ni wa 5787.

"Ni kweli Mayahudi walitaka kupewa Eldoret? Na Kenya kuna sinagogi ninaloweza kuingia kuona sikukuu hizi?"
Mwanafunzi, Eldoret

Uingereza ndiyo iliyotoa. Mwaka 1903 serikali yake, kupitia waziri Joseph Chamberlain, ilipendekeza nyanda za Uasin Gishu. Mkutano wa Wazayoni, Mayahudi waliokuwa wakitafuta nchi yao wenyewe, uliofanyika Basel, Uswisi, ukatuma wajumbe kuja kuangalia, na mwaka 1905 ukakataa. Wanandi na Wamaasai waliokuwa na ardhi hiyo hawakuulizwa, na hilo huwa linarukwa historia hii inaposimuliwa. Pendekezo hilo huitwa "Mpango wa Uganda", na jina hilo lilibaki kwa kuwa eneo hilo lilikuwa chini ya Uganda hadi 1902.

Sinagogi lipo Nairobi, pembeni mwa Uhuru Highway karibu na Chuo Kikuu, jengo la sasa ni la 1955. Lubumbashi wanalo tangu 1930, lililojengwa wakati Mayahudi wa kisiwa cha Rhodes walipokuwa wengi mjini humo. Na ukivuka mpaka, karibu na Mbale, kuna Abayudaya, Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi walioanza na Semei Kakungulu mwaka 1919, wakashika imani yao hata Idi Amin alipowapiga marufuku. Kwako ni safari ya siku moja tu. Popote utakapokwenda, usitokee tu mlangoni siku ya sikukuu. Andika barua wiki kadhaa kabla, jitambulishe, taja chuo chako, na uchague Sukkot au Simhat Tora kwa mara ya kwanza. Yom Kippur watu wana njaa na mengi moyoni, mgeni wa kutazama huwa mzigo.