Muuza Kahawa na Blogu Yangu

Miaka minne iliyopita nilifungua blogu ya mambo ya kwetu Mvita, Mombasa: vyakula, harusi, maneno ya lahaja yetu ya Kimvita ambayo watoto wetu wameanza kuyacheka. Mwezi wa kwanza wasomaji walikuwa mimi, dada yangu, na simu ya pili ya dada yangu. Sikujali. Nimelelewa na methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, basi nikakaa kitako kusubiri changu kijiuze.

Aliyenizindua ni muuza kahawa. Dirisha letu hapa Kibokoni latazama kichochoro chenye baraza tatu, na kila baada ya alasiri hupita mzee na dele lake, akigonganisha vikombe. Kahawa yake ni nzuri, hakuna anayebisha, lakini sijamwona hata siku moja akikaa kwake kungoja wanywaji. Tena mtazame anavyotembea. Hapiti saa tano za asubuhi watu wakiwa makazini. Akifika barazani haanzi na kahawa: huamkia, huuliza habari za mgonjwa wa nyumba ile, hutia neno lake kwenye ubishi wa mpira, ndipo mtu anyooshe mkono mwenyewe.

Mimi nilikuwa nikifanya kinyume. Niko kwenye magrupu kumi na kitu ya WhatsApp, naingia, natupa linki, natoka. Hata salamu sitoi. Admini mmoja akanitoa bila kuniambia kitu, nikanuna siku mbili, kisha nikakubali kuwa haki yake.

Mambo yalianza kugeuka kwa mkate wa sinia. Kwenye grupu moja la mapishi dada wa Unguja aliuliza kwa nini watu wa Mombasa wauita hivyo ilhali ni mkate wa kumimina. Safari hii sikutupa linki. Nilimjibu palepale, kwa urefu: mchele uliorowekwa na kusagwa, tui zito, hamira, iliki, na kwamba sisi twataja chombo, wao wataja kitendo. Akaingia mwingine akasema bila ute wa yai huo si mkate. Khalati wangu, dada ya mama, ambaye hajawahi kuandika chochote kwenye grupu isipokuwa dua za Ijumaa, akatuma ujumbe wa sauti wa dakika tatu akiukana ute wa yai. Usiku huo watu watatu waliniuliza wenyewe, "Hivi wewe si ndiye mwenye ile blogu? Tutumie." Nikatuma. Siku ya pili wasomaji walizidi wale wa miezi yote iliyotangulia, nami sikuwa nimetangaza lolote.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na kwa kweli mkubwa kuliko yote yanayofuata: chagua baraza mbili au tatu tu, kaa hapo, jibu maswali ya watu hadi mwisho hata kama hawatafungua blogu yako. Kumi ni nyingi. Huwezi kujua habari za wagonjwa wa nyumba kumi.

Na unapoandika, anzia kwenye ubishi ambao watu tayari wanao. Niliwahi kuandika makala niliyoipa jina "Usanifishaji wa Kiswahili na Nafasi ya Kimvita". Nilijivunia sana. Hakuna aliyeisoma. Miezi sita baadaye niliibadilisha kichwa tu: "Kwa nini vitabuni ni mchele na kwa bibi yangu ni mtele". Humo ndani habari ni ileile, kwamba mkutano wa 1928 uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa nje, ulifanyika papa hapa Mombasa. Watu walikasirika kwa raha zao. Wakaanza kuniletea maneno: kitwa, ndia, ndaa, na mengine ambayo mimi mwenyewe sikuyajua. Mzee mmoja aliniandikia, "Mwanangu, neno hili umelikosea, mamako angelikucheka." Nilimshukuru, nikasahihisha, nikaweka chini ya makala kwamba limesahihishwa na msomaji. Tangu siku hiyo hukisambaza kila ninachoandika, maana sasa na yeye ana mkono wake humo.

Jibizana pia na waandishi wenzako. Huu si uzushi wa intaneti. Muyaka bin Haji wa hapa hapa Mombasa alijibizana kwa tungo na washairi wa Lamu, na watu waliyahifadhi mashairi yake vichwani hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya mwishoni mwa karne ya 19. Ukimsoma mwenzako akikosea, au akipatia, andika jibu kwako na umtaje kwa heshima. Wasomaji wake watakuja kuona nini kimesemwa. Mimi hufanya hivyo mara moja kwa mwezi, nisionekane mgomvi.

Sasa nije kwenye kilichoniumiza. Mwaka wa pili ukurasa wangu kwenye mtandao mmoja wa kijamii ulifungwa ghafla. Sikupewa sababu niliyoielewa, na rufaa yangu haikujibiwa. Wafuasi elfu mbili na mia kadhaa, na sikuwa na namba wala anwani ya hata mmoja. Hata kabla ya hapo wengi walikuwa hawanioni. Facebook, kwa mfano, ilitangaza Januari 2018 kwamba itatanguliza posti za jamaa na marafiki mbele ya zile za kurasa. Mtandao wa kijamii ni baraza ya nyumba ya mtu. Kaa, zungumza, lakini mwenye nyumba akiamua kufunga mlango, utaondoka na mkeka wako tu.

Mkeka ni vitu viwili. Cha kwanza ni mlisho wa RSS, ambao blogu yako inao tayari pengine bila wewe kujua. Ukitumia WordPress, ongeza /feed mwishoni mwa anwani yako uone. Kwa Blogger ni /feeds/posts/default. Ni faili ambayo hujiandika upya kila unapochapisha, na programu kama Feedly huichungulia ikamletea msomaji makala bila mtu wa kati kuamua nani aone nini. Wengi waliuzika mlisho 2013, Google ilipoifunga Google Reader, programu yake ya kusomea milisho, lakini podikasti mpaka leo husambazwa kwa njia hiyohiyo. Sitakudanganya: katika wasomaji wangu wanaotumia mlisho ni wachache sana, na karibu wote ni waandishi wenzangu au watu wetu walioko ng'ambo. Ila hao ndio wanaonitaja kwao. Jambo moja tu: kwenye mipangilio, ruhusu makala nzima itoke, si aya ya kwanza peke yake. Mtu avute kwa waifai ya kazini, asome ndani ya feri ya Likoni bila kula bando.

Cha pili ni orodha yako mwenyewe ya barua pepe au namba za simu. Hapa nilivuruga. Niliwafungulia watu themanini grupu bila kuwauliza. Kufika isha nusu walikuwa wameondoka, na walikuwa na haki hata kisheria, maana tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na namba ya mtu si yako ya kuchezea. Nikahamia kwenye orodha ya kutangazia ya WhatsApp, nikashangaa wengi hawapati kitu. Kumbe ujumbe wa orodha humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Siku hizi mtu akiniomba nimuweke, humwambia kwanza, "Nihifadhi, niandikie jina lako, kisha nitakutia." Orodha ni fupi kuliko ile ya wafuasi elfu mbili, na hujibu.

Nakomea hapa, kwani alasiri imeingia na vikombe navisikia kichochoroni. Tena kuna mtu wa Pemba ameandika usiku kwamba ute wa yai ni lazima. Khalati ameshauliza mara mbili kama nimemjibu.