Kabla hujapaka rangi nukta za grafu yako kwenye R

Msimu wa tasnifu ukifika, wadogo zangu wa vyuo vya hapa Dodoma huniletea kompyuta zao na grafu za nukta walizochora kwa R, programu ya takwimu. Data mara nyingi ni za huku huku kwetu: mvua ya msimu kwenye mhimili wa chini, magunia kwa ekari kwenye mhimili wa kusimama, kila nukta kaya moja. Jambo la kwanza ninalowauliza ni hili: unataka rangi ijibu swali gani?

Chukua kaya za Bahi na Kongwa zilizolima mahindi na mtama. Ukichora nukta zote kwa rangi moja, unaweza kupata rundo tu, na msomaji akaondoka akidhani mvua haina uzito mkubwa kwenye mavuno. Gawa rangi kwa zao, halafu angalia tena. Penye ukame mahindi ndiyo yanayoporomoka, mtama unavumilia. Mkulima yeyote wa Ugogo analijua hilo, lakini grafu yako ilikuwa imelificha.

Kwa anayetumia ggplot2, kifurushi cha R cha kuchorea grafu, kazi yenyewe ni mstari mmoja:

ggplot(data, aes(x = mvua, y = mavuno, color = zao)) + geom_point()

Panapowasumbua wengi ni mabano ya aes. Humo linaingia jina la safu wima (column) iliyomo kwenye data yako. Ukiandika color = "blue" humo ndani, R inalichukua neno "blue" kama jina la kundi, inakuchorea nukta za wekundu uliopauka na kuweka ufunguo wa rangi (legend) pembeni ulioandikwa blue. Ukitaka nukta zote ziwe za buluu, agizo hilo liweke nje ya aes, ndani ya geom_point.

Sasa tuje kwenye wilaya, maana hapa ndipo grafu inapoweza kusema uongo bila mwenyewe kujua. Kwenye dodoso wilaya huandikwa kwa namba: Bahi 1, Chamwino 2, hadi Mpwapwa 7. R ikiona namba inafikiri ni kiasi, kwa hiyo inakupa buluu inayoanza nzito na kuishia nyepesi, kana kwamba Mpwapwa ina "uwilaya" mwingi kuliko Bahi. Andika color = factor(wilaya) na kila wilaya itapata rangi yake. Bora zaidi, badilisha namba hizo ziwe majina kabisa kabla ya kuchora, ili ufunguo usomeke.

Hata hivyo, rangi saba kwa pamoja zinachosha macho. Kama hoja yako ni Chemba, ipe Chemba rangi iliyokolea na wilaya nyingine zote ziache kijivu. Nimeona wasimamizi wakiielewa grafu ya namna hiyo papo hapo.

Halafu kuna suala la uchapaji, nalo nalisisitiza kuliko yote. Rangi ambazo ggplot2 inakupa bila kuombwa zimepangwa ziwe na mwangaza unaolingana. Kwenye kioo zinapendeza. Ukizipeleka steshenari ukachapa nyeusi na nyeupe, kama tunavyofanya wengi ili kupunguza gharama, zote zinatoka kijivu kimoja na mahindi hayatofautiki tena na mtama. Ongeza scale_color_viridis_d(), ambayo rangi zake zinatoka kwenye giza kwenda kwenye mwanga, au weka pia shape = zao ndani ya aes ili kila zao liwe na umbo lake. Mimi huweka vyote viwili.

Kuna pia wasomaji wasiotofautisha nyekundu na kijani, hasa wanaume. Wajapani wawili, Masataka Okabe na Kei Ito, walipanga seti ya rangi inayowafaa watu hao, na tangu toleo la 4.0.0 la mwaka 2020 R inayo ndani yake: andika palette.colors() uione. Njano yake tu ndiyo ninayoiepuka, kwa sababu kwenye ukuta mweupe wa projekta inapotea.

Mwisho, funga rangi na jina. Ukichora grafu ya kila wilaya peke yake, na wilaya moja ikawa haina alizeti, R inagawa rangi upya, na zao lililokuwa kijani ukurasa wa 30 linageuka jekundu ukurasa wa 31. Zuia hilo kwa mstari huu, unaokaa badala ya scale_color_viridis_d(); alama zinazoanza na # ni namba za rangi ya chungwa, buluu na kijani:

scale_color_manual(values = c(Mahindi = "#E69F00", Mtama = "#0072B2", Alizeti = "#009E73"))

Mstari huo uhifadhi mwanzoni mwa faili lako kwa jina, tuseme rangi_mazao, kisha uongeze jina hilo kwenye kila grafu ya tasnifu, pamoja na zile utakazotumia siku ya kutetea.